Nani Awe Kichwa cha Henrietta

Strathdarrow, Gippsland
11 Agosti 1991

Mdogo wangu Mervyn,

Natumaini barua hii inakukuta umevaa soksi, maana najua nyumba yako haina zulia. Huku tu wazima. Baridi ya mwaka huu imeingia mpaka kwenye kabati la vikombe, na malisho yamegeuka tope tupu; ng'ombe wa mwanangu Gordon wanatembea kama mabibi waliovaa viatu vya kuazima. Gordon mwenyewe hajambo. Kila Jumapili anakuja kula nyama ya kondoo, na akiisha kula ananitazama kama mtu anayepima chumba kabla ya kukinunua. Jirani yangu Dulcie anakusalimu sana. Amewekewa nyonga ya chuma na sasa miguu yake inashindana na ulimi wake.

Nije kwenye jambo lenyewe. Machi ijayo Maonyesho ya Kilimo ya Strathdarrow yanatimiza miaka mia. Mwenyekiti wa kamati ni Colin Rattray, mtoto wa yule mzee Rattray. Najua umeshaanza kucheka. Colin anataka Henrietta arudi uwanjani.

Kama ukumbi wa kichwa chako umehamwa na watu, nikukumbushe. Henrietta ni ng'ombe wa turubai aliyeshonwa na Mama, mimi kichwa na wewe makalio. Tulimwingiza katika gwaride la mifugo kwa utani, tukiwa watoto. Mwamuzi wa mwaka ule alikuwa na macho mabovu na kiburi cha kutovaa miwani. Akampapasa Henrietta kiwele, ambacho kilikuwa chupa ya mpira ya maji moto, akaguna kwa kuridhika, akampa nafasi ya tatu. Ng'ombe wa mzee Rattray akawa wa nne. Na kwa kuwa kanuni ya Maonyesho ni kwamba neno la mwamuzi likishatoka halimezwi, utepe ukabaki kwetu, na mzee Rattray akaingia kaburini hajatusalimu. Sasa Colin anataka Henrietta ashindane tena na ng'ombe wa ukoo wao, mbele ya watu wote, ashindwe kihalali, mzee apumzike.

Nimekubali kwa niaba yako. Nimemtoa Henrietta ukumbini, nimemfua, na nimewahamisha panya waliokuwa wamezaliana sikioni. Chuo chako kikupe ruhusa. Mimi mbele, wewe nyuma, kama kawaida.

Dada yako,
Una


Fremantle, Australia Magharibi
2 Septemba 1991

Dada Una,

Salamu zimefika na soksi ninazo. Huku mvua imekatika mapema. Nimeishi upande huu wa nchi karibu nusu ya umri wangu, na bado kila asubuhi nikifungua dirisha natarajia vilima na harufu ya maziwa yaliyochacha. Napata harufu ya samaki wa kukaanga na mlio wa treni ya mizigo. Paka wa jirani amehamia kwangu bila kutoa maelezo. Nyonga ya Dulcie naipongeza.

Kuhusu Henrietta: hapana.

Nisikilize, dada, kabla hujaitupa barua hii motoni. Nilikuwa mtoto mdogo uliponisukuma nyuma ya ng'ombe, na tangu siku ile dunia haikunitoa huko. Nilipokimbilia Melbourne kwenye jumba la vichekesho, meneja aliniuliza najua kazi gani. Nikamwambia kweli, nikawa nyuma ya farasi. Kwenye redio nilikuwa mtumishi wa nyumbani ambaye kazi yake ilikuwa kusema, "Chai, bwana," kisha kuangusha trei. Nchi nzima ilikijua kishindo changu na hakuna aliyelijua jina langu. Ilipokuja televisheni nikawa nusu ya nyuma ya ngamia katika kipindi cha watoto. Na yule wa mbele, ambaye hakujua hata kukohoa kwa kuchekesha, ndiye aliyepigwa picha na mke wa gavana. Lile tangazo la gundi ya mazulia, yule anayeporomoka ngazi ni mimi, ila kamera haikupanda juu ya kiuno. Mpaka leo watu wakikutana nami dukani huutazama uso wangu kama ukuta. Nikigeuka kuondoka ndipo huita, "Subiri kidogo! Wewe si yule…?"

Sasa ni mwalimu. Nawafundisha vijana, ambao wote wanataka kuwa wafalme wanaokufa kwa sumu, namna ya kuingia mlangoni wamebeba trei. Nawaambia: kichwa hudanganya, miguu ya nyuma haijui kudanganya. Wanaandika. Sidhani kama wanaelewa.

Nitakuja kwa sharti moja tu: mimi kichwa. Nataka mara moja kabla sijafa niione njia ninayokwenda.

Mdogo wako,
Mervyn


Strathdarrow
21 Septemba 1991

Mervyn,

Sisi wazima. Mvua ipo.

Kichwa ni mimi. Nilizaliwa kabla yako, na katika nyumba ya Baba aliyezaliwa kwanza ndiye aliyepita mlangoni kwanza. Wewe hata kuzaliwa ulizaliwa ukitanguliza matako. Muulize yeyote aliyemjua mkunga, alilisimulia mpaka uzeeni mwake.

Tena sikumbuki kama uliwahi kulalamika zamani. Ulicholalamikia ni harufu.

Siwezi kukupa kichwa, mwaka huu kuliko mwaka mwingine wowote. Usiniulize kwa nini. Na hukunijibu: je, chuo kitakupa ruhusa?

Una


Fremantle
30 Novemba 1991

Dada Una,

Unisamehe kwa kukawia. Ni mwisho wa mwaka wa masomo na mambo yalikuwa mengi: vikombe vya chai, hotuba, keki za lamington zilizokauka. Joto limeanza. Paka amezaa, kwa hiyo si dume kama nilivyokuwa nikimwita, nimemwomba radhi. Natumaini Gordon ameacha kupima vyumba.

Ruhusa usiiwazie. Nafasi ninayo.

Barua yako ya mwisho uliiandika ukiwa juu ya trekta? Herufi zilikuwa kubwa kama za kibao cha duka, na mstari wa mwisho ulipanda ukingoni ukakaribia kuishia kwenye meza.

Nimelifikiria suala la kichwa, na msimamo wangu ni uleule. Lakini ili usije ukadhani nadharau kazi ya nyuma, nakuandikia ninayowaambia wanafunzi, ujifunze, kwa sababu wewe ndiye utakayekuwa huko. Miguu ya nyuma huchelewa nusu hatua. Ikienda sawasawa na ya mbele, huyo si ng'ombe, ni meza. Pili, usinyooshe mgongo hata ukikuuma vipi. Wahenga wamesema ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini hawa wetu wa madoa meusi na meupe hawana nundu, na ukisimama wima watoto wataona mlima umeota mgongoni. Tatu, usicheke. Wa nyuma akicheka, tumbo linatikisika na watu wanadhani ng'ombe anaumwa.

Kijana mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, mtu wa nyuma anajuaje pa kwenda?" Nikamjibu, "Anamwamini wa mbele, mwanangu. Ndiyo sababu wengi wetu hatukuoa."

Mdogo wako,
Mervyn


Strathdarrow
6 Januari 1992

Mdogo wangu Mervyn,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi ilipita salama, nzi wakiwa wengi kuliko zabibu kwenye keki. Gordon na mkewe walikuja, tukala uani chini ya turubai.

Utaona mwandiko huu si wangu. Anayeandika ni Dulcie, kwa sababu nimeungua mkono nikipika jemu ya aprikoti.

(Kaka Mervyn, ni mimi Dulcie. Mkono wake mzima kama wa kwangu. Ameniambia niandike hivyo na nimeandika, kwa kuwa naishi ng'ambo ya ua na sitaki ugomvi. Lakini hawezi kusoma ninachokiandika, basi haya ya kwenye mabano ni yangu.)

Nimeyapokea mafunzo yako ya miguu ya nyuma na ninayarudisha kwako, utayahitaji mwenyewe. Colin Rattray anapita hapa kila wiki kuuliza kama Henrietta yuko fiti. Ng'ombe wake anaitwa Lorna. Anamwogesha kwa sabuni ya watoto.

(Macho yake yanakwenda, kaka. Katikati kuna giza, pembeni anaona kidogo kama anayechungulia kando ya pazia. Daktari amemwambia tangu majira ya baridi. Wiki iliyopita alimwagilia maji baiskeli ya mtu wa posta.)

Dulcie anaandika kwa muda mrefu kuliko ninavyosema. Nimemuuliza anaandika nini, amesema anaremba herufi.

(Gordon ameona makao ya wazee huko Melbourne. Amesema siku macho ya mama yakishindwa, nyumba itauzwa na mama atakwenda huko. Una amemjibu, "Njoo Machi unione nikimwongoza ng'ombe uwanja mzima, halafu unieleze habari za macho." Anasema hakuna mtu duniani anayempa kipofu kichwa cha ng'ombe. Ndiyo maana hawezi kukuachia. Sikukuambia kitu.)

Basi, kwa mara ya mwisho: kichwa ni mimi, na kama hutaki, nitamchukua Dulcie nyuma.

(Mungu apishe mbali. Nyonga!)

Dada yako,
Una


Fremantle
20 Januari 1992

Dada Una,

Dulcie, isome hii kwa sauti, na usiongeze chumvi.

Pole sana kwa mkono. Jemu ya aprikoti haina urafiki. Huku joto limewalaza wote, paka na watoto wake wamelala kwenye sinki.

Uliniuliza mara mbili kuhusu ruhusa nami nikakupiga chenga mara mbili. Sihitaji ruhusa. Chuo kimenistaafisha. Walifanya karamu ya chai, na wanafunzi wakaomba nifanye anguko la trei, lile la redio, ambalo walikuwa wamelisikia kwenye kanda tu. Nikavaa koti. Nikapakia vikombe. Nikaingia, nikasema, "Chai, bwana," nikaanguka, na nakuhakikishia, dada, sikuwahi kuanguka vizuri vile. Kijiko kilizunguka sakafuni chenyewe mpaka kikatulia, kama nilivyokipangia.

Hakuna aliyecheka. Walinikimbilia. Binti mmoja anaitwa Philippa, mwanafunzi wangu bora, alinishika kwapa akasema, "Taratibu, Mwalimu, usiinuke haraka." Mwingine akaleta kiti. Mwingine akanipepea kwa programu ya sherehe. Nikawaambia, "Jamani, hicho kilikuwa kichekesho!" Wakasema, "Ndiyo, Mwalimu," kwa sauti ile wanayowasemesha nayo wagonjwa.

Mchekeshaji akiinuliwa kabla ya kuchekwa, ameisha. Kwa hiyo ndani ya moyo wangu sikukataa kuja kwa ajili ya kichwa peke yake. Niliogopa Strathdarrow nzima iruke uzio kuja kuniinua.

Lakini nimefikiri. Ndani ya turubai hakuna ajuaye umri wa mtu. Nitakuja. Nimekiacha kichwa; kizito, na shingo yangu mbovu. Mimi nyuma kama zamani. Ombi moja tu: nitakushika kiuno, nikikuvuta kushoto uende kushoto, nikikuvuta kulia uende kulia, nikikubana usimame. Nitakuwa nachungulia kwenye tundu la chini ya kwapa la Henrietta. Si kwamba hujui njia. Ni mbinu mpya, wanaitumia sana Ulaya.

Mdogo wako,
Mervyn


Strathdarrow
12 Machi 1992

Mdogo wangu Mervyn,

Utashangaa kupata barua hii Fremantle ilhali wakati huu naisema, wewe umekaa mbele yangu jikoni unakula vikeki vyangu vya skoni. Dulcie amejiuzulu uandishi, kwa hiyo naisema kwako, unaiandika wewe, nami naituma kwako. Andika kila neno.

(Naandika. M.)

Salamu kwanza. Mimi mzima. Mgeni niliye naye ni mzima pia ila anaacha taulo sakafuni.

(Mara moja. M.)

Kuhusu Jumamosi, nataka ibaki kwenye karatasi, maana mtu wa nyuma haoni na wewe utaisimulia vibaya. Tulipoingia uwanjani nilisikia watu wameanza kucheka kabla hatujafanya kitu, nikajua miguu yako imechelewa nusu hatua kama inavyotakiwa. Ulinivuta kushoto nikaenda kushoto. Ulinivuta kulia nikaenda kulia. Kisha ukashikwa na msuli wa mguu ukanivuta pande zote mbili.

(Ulikuwa msuli wa paja. Naomba ieleweke. M.)

Nikasimama. Mbele yangu kulikuwa na mtu mrefu mwenye kofia, nikajua ni Meya. Nikainamisha kichwa cha Henrietta, nikampa heri ya miaka mia, nikamuuliza hali ya mkewe. Hakunijibu. Nikarudia kwa sauti. Watu wakaanza kupiga mayowe. Ulikuwa umenibana kiuno mpaka pumzi inakatika, nami nikadhani ni salamu zako kwa Meya. Nikaenda mbele kumpa kwato, na mbele hapakuwa na mbele, palikuwa na hori la maji.

Nililala ndani ya maji, wewe juu yangu, na Henrietta akiwa amegeuka ndani nje. Pakawa kimya. Nikakusikia unasema, "Sasa wanakuja." Mervyn, hawakuja. Walicheka. Walicheka mpaka ng'ombe wa kweli wakaanza kulia. Uliniambia, "Usiinuke, Una, usiinuke, waache wamalize," na sauti yako ilikuwa ya mtoto. Tukakaa majini. Kila walipotaka kunyamaza ulitikisa mkia mara moja, wakaanza upya.

(Mara tatu. Ya nne ingekuwa tamaa. M.)

Mwamuzi, binti mmoja kutoka mji wa Sale, alimtangaza Lorna wa kwanza na Henrietta wa mwisho, kwa kasoro ya miguu ya nyuma. Colin Rattray alikuja na suti yake mpaka kwenye tope, akaishika kwato yangu akasema, "Baba angefurahi." Akalia, nami nikalia, kwa kuwa maji yalikuwa baridi.

Kisha akaja Gordon na blanketi. Akaniambia, "Mama, yule uliyemsalimu ni nguzo. Kuna mtu alitundika kofia yake pale."

Nikamwambia, "Nilijua. Ni kichekesho."

"Mama, ulimuuliza habari za mkewe."

"Heshima haiozi."

Halafu akakugeukia wewe na kukuuliza, nami nilisikia ingawa mlidhani turubai limeniziba masikio, "Mjomba, haoni, sivyo?" Ukamjibu, "Haoni yeye, sionekani mimi, na umeona mwenyewe ng'ombe alivyofika." Gordon akacheka. Nilikuwa sijasikia mwanangu anacheka hivyo tangu baba yake alipofariki. Akasema, "Sawa. Ng'ombe akiwa mzima ndani ya nyumba ile, siiuzi. Ila wewe wiki ijayo unarudi Magharibi, na mimi sitamwacha mama nusu."

Mbinu mpya ya Ulaya! Siku Dulcie aliponisomea maneno yale nilijua ameshafungua mdomo. Nilikasirika siku nzima. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa umekitaka kile kichwa, na ulivyokiacha bila kunitaja macho, nikaacha kukasirika, nikapika jemu. Jemu ya kweli.

Sasa ninalotaka kusema. Kwa mdomo siwezi. Katika nyumba yetu kwa mdomo tuliombana chumvi tu. Mengine yote tuliandikiana. Andika.

(Naandika. M.)

Rudi nyumbani, Mervyn. Si kwa ajili ya Gordon, na si kunivuta kushoto na kulia, ingawa hilo pia. Kila jioni nazungumza na redio, na redio haichekeshi tangu ulipoondoka humo. Shule ya hapa inataka mtu wa kuwafundisha watoto michezo ya jukwaani, nimeshauliza. Chumba kipo. Paka na wanawe waje.

Usinijibu sasa. Usiniangalie hivyo, sioni lakini nahisi. Nenda Fremantle, uipokee hii kwa mtu wa posta, uifungue kama mtu mwenye adabu, ufikiri, ujibu kwa barua.

Dada yako,
Una

(Imeandikwa kama ilivyosemwa. Skoni zilikuwa nzuri. M.)


Fremantle
27 Machi 1992

Dada Una,

Nilifika salama. Treni ya kuvuka nchi ilichelewa jangwani kwa sababu ya ngamia, ngamia wa kweli, kichwa na makalio ya mmoja. Nilichungulia dirishani nikamsalimu kama ndugu wa kazini.

Barua yako imeletwa leo asubuhi. Nimeifungua mezani nikaisoma kana kwamba sijawahi kuiona, na ulikuwa na haki, si sawa na kuambiwa. Mwandiko wa karani wako ni wa kusikitisha. Kuna mahali wino umetapakaa, penye "rudi nyumbani," sijui alikuwa ameangusha nini pale.

Jibu langu ni ndiyo.

Nimempa mwenye nyumba taarifa. Philippa na wenzake wamekuja kunifungia vitabu, nikawasimulia habari ya hori la maji, wakakaa sakafuni wakicheka hadi jirani akagonga ukuta. Paka ameingia sandukuni na wanawe wote, hakungoja kuulizwa.

Nitafika Jumanne ya katikati ya Aprili kwa treni ya mchana. Dulcie, hapa soma polepole: mwambieni Gordon aje kituoni. Nitashuka na masanduku mikono yote miwili, na ngazi za treni zile ni nyembamba, na kwa umri wangu lolote laweza kutokea. Likitokea, asinikimbilie. Asimame pale alipo, acheke kwanza, acheke vizuri. Halafu, kama bado nitakuwa chini, aniinue.

Mdogo wako,
Mervyn